Mkanda wa jeshi ukikutana ncha mtu hafi

Ile meseji ya mkanda wa jeshi imerudi tena kwenye magrupu ya huku Mbeya, inasema malengelenge yakizunguka kiuno yakakutana ncha mgonjwa anakufa, kwa hiyo paka dawa ya meno au majivu haraka kuyazuia. Si kweli jamani.

Mkanda unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga utotoni kirusi hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo hata miaka 40, halafu kinga ikishuka kwa uzee, maradhi au dawa fulani kinaamka na kufuata mshipa mmoja, ndo maana unaona mstari upande mmoja tu. Angalia mwenyewe, kawaida unaishia katikati ya mgongo na katikati ya kifua. Ukivuka na kusambaa pande zote, kinga iko chini sana, hapo ni hospitali mara moja. Nadhani hofu ilianzia hapo.

Wengine wanaona mkanda tu wanasema ni ukimwi. Kupima ni vizuri, ila wazee wengi wanaupata bila VVU.

Naomba usiiforwadi tena, maana mtu anakaa ndani anapaka majivu wakati dawa za kuzuia virusi zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72. Na ukitokea karibu na jicho usisubiri hata kesho, unaweza kupofua.