Prodeo: avoka wa bure ni wa nani?

Hapa Lubumbashi, Kongo, mtu akisema "nilipewa prodeo", wengi husikia "nilipewa avoka (wakili) wa bure". Ni nusu ya ukweli. Neno lenyewe ni Kilatini, pro Deo, yaani "kwa ajili ya Mungu", nalo lilikuja na mahakama za Wabelgiji. Ndani yake mna mambo mawili, na kila moja lina mwamuzi wake.

La kwanza ni avoka. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 kuhusu kazi ya mawakili inalitaka baraza la baro (chama cha mawakili) liwasaidie watu ambao mapato yao hayatoshi, kwa kufungua ofisi ya ushauri wa bure. Jina lake la Kifaransa ni Bureau de consultations gratuites, lakini midomoni mwa watu ni BCG tu. Ni ofisi ya kesi yoyote, mbele ya mahakama yoyote. Wengi hudhani ni ya mtu aliyekamatwa peke yake. Mjane anayetolewa nyumbani na mashemeji hana kesi ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), ana kesi ya madai, na mlango huo ni wake pia. Tena, kama amezaa na marehemu, ana hoja nzito: Kanuni ya Familia inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na mabishano ya urithi husikilizwa na mahakama ya amani, ile tunayoiita Tripaix.

La pili ni gharama za mahakama. Kesi ya madai haiendi bila amana kuwekwa kwa karani. Kanuni ya mwenendo wa kesi za madai, ya tarehe 7 Machi 1960, inamwondolea maskini amana hiyo, yote au sehemu yake. Akisamehewa, mashahidi na wataalamu hulipwa kwanza na Hazina ya serikali. Ila hapo anayepima umaskini ni hakimu, si baro. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na avoka wa BCG pembeni yake na bado akadaiwa amana: hakuna aliyemwandikia hakimu ombi. Mwulize avoka wako siku ya kwanza kabisa kama ameliandika.

Sasa, maskini ni nani? Uingereza na Wales wana namba: kwa kawaida mwenye mapato yanayozidi pauni 2,657 kwa mwezi kabla ya makato hapati msaada katika kesi ya madai, na aina nyingi za kesi za familia ziliondolewa na sheria ya mwaka 2012. Sheria yetu ya 1979 inasema tu mapato yasiyotosha. Mimi sioni ubaya sana. Mama anayeuza mboga pale Kenya (komini yetu, sehemu ya mji, si nchi) hana karatasi ya mshahara. Leo ameuza, kesho mvua imemnyima wateja. Namba moja ingempima vibaya. Ubaya ni kwamba mahali pasipo na namba, mengi hutegemea aliyeketi upande wa pili wa meza.

Chukua swali la lupangu, yaani kiwanja cha kuishi. Mtu anaishi Katuba katika lupangu lenye thamani, lakini mfukoni hana hata falanga za basi. Je, ni tajiri? Kwangu jibu ni hapana, hasa kama lupangu hilo ndilo linalogombaniwa: hawezi kuliuza ili amlipe avoka wa kulitetea. Hilo inabidi alieleze mwenyewe, asingoje kuulizwa.

Halafu kuna cheti cha umaskini, attestation d'indigence, kinachoombwa kwa viongozi wa mtaa au huduma ya mambo ya kijamii. (Kuna wanaoombwa hela ili waandikiwe kwamba hawana hela. Tuliache.) Cheti ni ushahidi, hakimfungi hakimu. Kitie nguvu kwa risiti za kodi ya nyumba, karatasi za shule za watoto, barua ya kuachishwa kazi, chochote kinachoonyesha unaishije.

Na ujue kinachosamehewa ni kutanguliza malipo. Mwisho wa kesi, gharama huwekwa juu ya aliyeshindwa.