Mtazame elki, mbwa mwitu utamwona tu

Wageni wakifika bonde la Lamar, katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, wakati wa baridi, huuliza mbwa mwitu wako wapi. Mimi huwaambia tutafute elki kwanza. Elki ni jamii ya kulungu, ila dume hufika kilo 300 na pembe zake zina matawi kama mti uliopukutika.

Kiswahili kimewapa jina moja wanyama wawili. Hawa si wale wa Ruaha wenye mabaka na masikio ya duara. Ni wa kijivu au weusi, wenye manyoya mazito. Wa mwisho hifadhini waliuawa 1926. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Kanada.

Tunasimama kando ya barabara alfajiri, nyuzi 25 chini ya sifuri, darubini ikiwa juu ya miguu yake mitatu. Usiipumulie lenzi! Pumzi huganda papo hapo ukabaki kipofu. Msimu wangu wa kwanza nilikosa windo zima kwa kosa hilo, huku wenzangu wakinisimulia.

Dalili ya kwanza ni elki kuinua vichwa wote pamoja, wakitazama upande mmoja. Kisha mbwa mwitu hao, mstari mmoja, kila mmoja akikanyaga wayo wa aliyetangulia ili asichoke na theluji. Wanalikimbilia kundi, halafu wanasimama. Wanaangalia. Nani anachechemea? Nani amebaki nyuma? Elki anayesimama wima na kuwakabili mara nyingi huachwa, maana teke lake huvunja mbavu, hata fuvu. Basi wanaondoka, na mgeni aliyeganda vidole analalamika kuwa hajaona kitu. Ameona windo lenyewe! Kwa elki, majaribio yanayofanikiwa ni nadra kuzidi 2 kati ya 10. Wala wingi wa mbwa mwitu hausaidii sana: wakizidi wanne, nafasi ya kumwangusha elki haiongezeki, wengine hufuata nyuma wakikwepa mateke.

Theluji ndiyo huamua mengi. Ikifanya gamba juu, mbwa mwitu mwenye nyayo pana hupita juu yake, elki kwato zinatoboa anazama hadi kifuani. Ndiyo maana Machi ni msimu wao wa neema. Mwanzoni mwa baridi huwa wanapata pia madume yaliyochoshwa na vita vya kugombea majike.

Wakishashiba na kuondoka, timu yetu hushuka na kupasua mfupa wa paja. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe, umeshikana kama samli ya asubuhi. Machi moja tulipasua wa jike ambaye kwenye darubini nilimwona mzima kabisa, sawa na wenzake. Mbwa mwitu walikuwa wamewapita elki kadhaa wakamwendea yeye. Nilitia kidole: uboho mwekundu, majimaji, ukachuruzika kwenye glovu.