Nywele za kemo: kwa nini zinazoota baada ya matibabu si zile zilizoondoka

Wiki ya tano baada ya dripu ya mwisho, mama mdogo aliniita chumbani, akafunga mlango, akavua mtandio. "Hebu nimulike hapa," akasema, akanipa simu yake. Niliwasha tochi. Mwanga ulipopita kwa ubavu nikaona juu ya utosi kitu kama ukungu: vinywele vyembamba, vyeupe-vyeupe, ambavyo ukipitisha kiganja huvihisi. Vinywele vya namna hiyo vina jina lake la zamani, malaika, yale yale yanayofunika mabega ya mtoto mchanga. Mama mdogo alikuwa na miaka 52, na kichwani ameota malaika.

Huo ndio mwanzo wa nywele za kemo: nywele zinazoota kichwani baada ya mtu kumaliza dawa za saratani za kudunga au za dripu, kuanzia malaika ya wiki za kwanza mpaka zile za mwaka wa kwanza au wa pili, ambazo mara nyingi hazifanani na alizozaliwa nazo. Naziandikia kwa sababu sisi tulizisubiri bila kuambiwa chochote. Kila badiliko lilitutisha, na mengi hayakuwa ya kutisha.

Kuelewa zinavyorudi kunaanzia kwenye namna zilivyoondoka. Unywele unaouona na kuuchana umekwisha kufa; ni keratini, protini ile ile ya ukucha. Uhai uko chini ya ngozi, kwenye kinyweleo, kile kishimo ambamo unywele huchomoza. Mzizini mwake kuna seli zinazogawanyika kwa kasi kubwa mno, usiku na mchana. Kemo nayo hushambulia seli zinazogawanyika upesi, maana hiyo ndiyo tabia ya saratani, na haitofautishi uvimbe na mzizi wa unywele. Wakati wowote ule, kati ya asilimia 85 na 90 ya nywele za kichwani ziko katika awamu ya kukua. Ndiyo maana hazitoki moja moja. Kwa kawaida ni kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya dozi ya kwanza mtu anapoamka na kukuta mto umejaa nywele. Shina la unywele limekosa lishe, limekuwa jembamba kama kiuno cha nyigu, kisha limekatika.

Lakini pembeni mwa kinyweleo kuna akiba ya seli shina, ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine. Hizi hugawanyika polepole, na kwa upole huo dawa nyingi huzipita bila kuzidhuru. Kwa watu walio wengi kinyweleo hakijafa, kimesimama kazi tu.

Si kila kemo inanyoa. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayomfanya mgonjwa akojoe mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili, ni nadra kumwachia mtu nywele. Paklitakseli na dosetakseli ni hivyo hivyo, na mara nyingi hufika mpaka kwenye nyusi. Karboplatini na fluorourasili kwa wengi hupunguza tu. Hapa kuna jambo ambalo limewaumiza watu bure. Nimemsikia mgonjwa akilia kwa sababu nywele zake zimebaki, akiamini kwamba amepewa dawa isiyo na nguvu. Kunyonyoka hakupimi kama dawa inaiweza saratani. Hilo linapimwa kwa picha, kwa vipimo vya damu, na kwa mkono wa daktari. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Nywele zikijaa, ndugu husema "huyu ameshapona", na michango ya nauli ya kliniki inakatika wakati mgonjwa bado anatakiwa kuanza mionzi. Nywele zinaporudi zinasema jambo moja tu, kwamba dawa imeviacha vinyweleo. Habari za uvimbe hazizijui.

Sasa kalenda. Maelezo mengi yanayosambaa yanasema hivi: malaika wiki ya tatu au ya nne baada ya dozi ya mwisho, unywele halisi kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, sentimita mbili na nusu kufikia mwezi wa pili au wa tatu. Mwanzo huo ni sahihi hata kwetu. Urefu ndio unaotupa majonzi, kwa sababu hesabu yake imepigwa kwa nywele za Wazungu, zinazokua sentimita moja na zaidi kwa mwezi. Nywele za kipilipili zilipopimwa zilionekana kukua kiasi cha robo milimita kwa siku, karibu milimita 8 kwa mwezi. Tena hazilali, zinajikunja, na unywele wa sentimita nne ukiuachia unaonekana kama wa sentimita moja. Kwa hiyo mwanamke wa Mbagala au wa Kisumu ambaye mwezi wa sita bado ana nywele za kushikwa kwa ncha za vidole, hajachelewa hata siku moja. Amefuata saa ya nywele zake. Natamani kila muuguzi wa wodi ya kemo angelisema hilo kwa sauti, maana mama mdogo alipoteza usingizi wa miezi akijilinganisha na picha za wanawake ambao nywele zao hazikuwa kama zake tangu kuzaliwa.

Rangi nayo hushtua. Seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo wino wa unywele, huchelewa kuamka kuliko zile zinazojenga unywele wenyewe. Matokeo yake unywele unatoka kabla wino haujafika: mweupe, wa kijivu, au wa hudhurungi kama wa mtoto. Kwa wengi weusi unarudi taratibu kuanzia shinani. Kwa aliyekuwa tayari na mvi chache, zinaweza kurudi nyingi na kubaki.

Kisha umbo. Unywele huchukua umbo la kinyweleo chake, kama tambi zinavyochukua umbo la tundu la mashine. Kinyweleo kilichopinda hutoa unywele uliojikunja. Kilichosimama wima hutoa unywele wa singa. Baada ya kipigo cha dawa, kinyweleo hujijenga upya, na kwa muda hakilingani na kilivyokuwa. Mwenye nywele zilizonyooka anashangaa kuota vipilipili. Kwetu mara nyingi ni kinyume chake: aliyekuwa na kipilipili anaota nywele laini, zenye mawimbi, zinazolala zikipakwa maji.

Hapo ndipo pongezi zinapoanza. "Umekuwa shombe!" "Nywele za Kiarabu hizo, usizikate!" Wanaosema hivyo wanampenda, wanatafuta neno la furaha la kumpa mtu aliyeteseka. Hata hivyo naomba tuliache. Mama mdogo aliniambia kwamba kila aliposikia hivyo alijiona kama aliyevaa kichwa cha mtu mwingine, na kwamba watu wamepapenda mahali pale pale ambapo ugonjwa ulimpitia. Isitoshe, ulaini huo kwa kawaida haudumu. Ndani ya mwaka mmoja, wakati mwingine miwili, kinyweleo hurudia mpindo wake na kipilipili kinarudi. Kwa wachache umbo jipya linabaki moja kwa moja. Kinachoonekana mara nyingi katikati ya safari ni unywele wenye sehemu mbili, ncha laini na shina gumu, nao hukatika kirahisi pale zinapokutana.

Kuhusu kunyoa, ushauri utakaopewa na wazee ni mmoja: nyoa hizo za kwanza, ndipo za kweli zije. Unatokana na mtoto mchanga. Katika familia za Kiislamu hunyolewa siku ya saba kwenye akika, na nyumba nyingine hungoja arobaini, ili nywele za tumboni zipishe za duniani. Kama mila ya kumpokea mtoto inapendeza. Kama dawa ya nywele haina kazi, kwa kuwa wembe hukata sehemu iliyokufa na kinyweleo hakipati habari yoyote. Unywele uliokatwa una ncha butu, kwa hiyo mkononi unaonekana mnene. Unene wenyewe haujabadilika. Anayetaka kunyoa kwa sababu anapenda kichwa kilicho sawa, anyoe kwa mashine. Wembe auache, hasa dozi zikiwa bado zinaendelea, maana chembe nyeupe za damu zinakuwa chini na mchubuko mdogo unaweza kuleta maambukizi. Na asilazimishwe. Katika makabila yetu kadhaa kichwa kinyolewacho ni kichwa cha msiba, na mgonjwa anapokataa kunyolewa huenda hakatai mashine.

Saluni ni lazima isubiri, na hapa simwonei haya msusi yeyote. Nywele za kemo ni nyembamba, na ngozi inayozibeba bado ni nyepesi kuumia. Relaksa na rangi za dukani ziachwe kwa kiasi cha miezi sita baada ya dozi ya mwisho. Hina ya majani, isiyochanganywa na kitu, ni salama zaidi kwa anayekerwa na weupe. Piko si hina, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ambayo hata ngozi nzima huivimbisha na kuipasua malengelenge. Rasta na mistari ya kubana vingoje mpaka nywele ziwe na nguvu ya kubeba uzito, kwa kuwa kuvuta peke yake, bila ugonjwa wowote, kunatosha kuua vinyweleo vya kandokando ya paji la uso. Wanawake wengi wanaijua ile mipaka iliyorudi nyuma.

Mafuta ya nyonyo au ya nazi yanalainisha ngozi na unywele, nayo ni matumizi mazuri, hayaoteshi. Maji ya kitunguu yanawasha na kuchoma kichwa ambacho kimetoka tu kuungua kwa ndani. Vidonge vya biotini, aina ya vitamini, vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza havijathibitishwa kuharakisha nywele za kemo, na vinaweza kupotosha vipimo vya damu, vikiwemo vya homoni za tezi ya thairoidi, kwa hiyo anayevitumia amwambie daktari. Minoksidili ya kupaka, dawa ya kuotesha nywele, ina ushahidi kidogo: jaribio dogo la wanawake wenye saratani ya matiti lililochapishwa 1996 lilionyesha kwamba ilifupisha muda wa upara kwa karibu siku 50, ingawa haikuzuia nywele kutoka. Nayo iulizwe kliniki kwanza.

Wapo ambao nywele hazirudi zote. Ni wachache, lakini wapo, na wanastahili kuambiwa kabla ya dozi ya kwanza. Dosetakseli inajulikana kwa hilo, na busulfani, kemo nyingine inayotolewa kwa dozi kubwa kabla ya kupandikiza uboho. Mionzi iliyopigwa kichwani huacha upara mahali ilipopita, na dozi ikiwa kubwa hapaoti tena. Mionzi ya titi au ya nyonga haigusi nywele za kichwani kabisa. Miezi sita ikipita bila kichwa kujaa, huo ni wakati wa kumwona daktari wa ngozi, na kupima damu kama ina upungufu wa madini ya chuma au kama thairoidi imelegea. Wanaomeza tamoksifeni au anastrozoli, vidonge vya kuzuia homoni inayochochea saratani ya matiti, kwa miaka kadhaa baada ya kemo wanaweza kuona nywele za utosini zikipungua hata baada ya kurudi vizuri. Wasiache vidonge kimyakimya kwa ajili ya nywele. Waseme kliniki, kuna mazungumzo ya kufanya.

Nyusi na kope zina kalenda yao. Awamu yao ya kukua ni fupi, kwa hiyo wakati wowote nyingi zimepumzika na dawa haizikuti. Ndiyo maana hutoka kwa kuchelewa, pengine baada ya dripu ya mwisho kabisa, mtu akishadhani amevuka. Hurudi mapema, miezi miwili hivi. Lakini kwa kuwa zote zimeanza kuota siku moja, huzeeka pamoja, na huweza kudondoka tena pamoja miezi kadhaa baadaye. Kwa mama mdogo ilitokea mwezi wa saba. Alinipigia saa nane usiku, akisema kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie: "Zimetoka tena. Umerudi." Haukuwa umerudi. Kope zilikuwa zimemaliza zamu yao ya kwanza, zikapisha nyingine, na wiki sita baadaye alikuwa nazo.

Katikati ya hapo alichora nyusi kwa penseli. Wanja wa manga aliuweka kando, kwa sababu baadhi ya wanja huo una madini ya risasi, na jicho lisilo na kope halina cha kuzuia chembe zisiingie. Alinunua miwani isiyo na namba kwa ajili ya vumbi la barabarani. Penseli ile bado iko kwenye mkoba wake, imebaki kipande cha urefu wa kidole gumba, na nyusi zake siku hizi hazihitaji kuchorwa.