Kwenu wapi, umefikia kwa nani? Maana ya mji wa wahamiaji

Nimezaliwa Magomeni, hapa Dar es Salaam, nimesoma Magomeni, na meno yangu ya utotoni nilirusha juu ya bati hukohuko Magomeni. Lakini mtu akiniuliza "Kwenu wapi?", najibu Tukuyu, kule Mbeya. Nikijumlisha siku zote nilizowahi kulala Tukuyu hazifiki 40, na nusu yake zilikuwa za misiba. Aliyeuliza huridhika na jibu, maana hakuwa akiuliza ninakolala.

Swali hilo ndilo linalotuchanganya tunaposikia kwamba Dar es Salaam ni mji wa wahamiaji. Kwa wengi wetu, mhamiaji ni mtu wa pasipoti na viza, mtu wa kupanga foleni kwenye ofisi za Uhamiaji. Mwambie jirani yako wa Kimara kwamba yeye ni mhamiaji, anaweza kukununia wiki nzima. Watu wa takwimu wanalitumia neno kwa upole zaidi. Kwao, aliyehesabiwa katika mkoa mwingine na ule aliozaliwa ni mhamiaji wa maisha, hata kama aliletwa mgongoni akiwa na miezi mitatu. Kwa kipimo hicho mimi wa "Tukuyu" si mhamiaji. Baba yangu alikuwa.

Mji wa wahamiaji, basi, ni mji ambao umekua kwa watu kuja kabla ya kukua kwa watu kuzaliana, na ambao ukitaka kujua kwa nini mtaa fulani una watu wa aina fulani, inabidi uulize walipita njia ipi. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu 272,821. Ya 2022 imekuta 5,383,728, yaani karibu mara ishirini katika miaka 55. Siku hizi wapo wengi waliozaliwa hapahapa, katika hospitali za Amana na Mwananyamala na Temeke, lakini ukipanda ngazi moja au mbili za ukoo unakuta begi na safari.

Wenyeji walikuwa wachache. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi Washomvi, na Wazaramo wakilima nyuma ya pwani. Majid alifariki 1870, mji ukadorora, mpaka Wajerumani walipohamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Reli ya Kati ikaanza kujengwa 1905, ikafika Kigoma 1914, na njia ya msafara wa miguu ya miezi ikawa safari ya siku chache.

Kisha Waingereza wakaugawa mji kwa kanda tatu. Kwenye karatasi zilikuwa kanda za aina ya majengo, habari ya matofali na udongo. Mtaani watu hawakuzunguka: wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Pale Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili Uhindini na Uswahilini zisigusane, na mpaka leo ukivuka kiwanja kile kwa miguu unaona nyumba zinavyobadilika. Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza. Watu waliokusanywa kubeba mizigo ya vita isiyowahusu ndio waliotuachia jina la soko letu kubwa.

Lakini kanda na reli havielezi kwa nini fulani alikuja na jirani yake akabaki kijijini. Hapo inabidi tuliangalie swali la pili ambalo kila mgeni huulizwa: "Umefikia kwa nani?" Tazama basi la mkoani likishusha pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kijana anashuka na kiroba cha mchele na kikaratasi chenye namba tatu za simu, kwa sababu ya kwanza inaweza isipatikane. Huyu hajaja Dar. Amekuja kwa mtu. Atalala kwenye godoro chini, chumba kimoja na kaka yake na shemeji yake nyuma ya pazia, atakula bila kulipa mwezi wa kwanza, na kazi atakayopata ni ile ambayo kaka anaijua. Baada ya mwaka mmoja au miwili atakuwa na chumba chake, na godoro la chini litakuwa na mdogo wao.

Wataalamu wanauita uhamiaji wa mnyororo. Faida yake ni kwamba gharama ya kufika, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, inabebwa na aliyetangulia. Na matokeo yake ni kwamba watu wanajikusanya bila mtu yeyote kuwapanga. Barabara ya Kilwa ndiyo inayoleta watu wa Rufiji, Lindi na Mtwara, na ndiyo maana Mbagala imejaa watu wa Kusini. Kazi nazo hufuata mnyororo uleule. Wamachinga ni kabila la Lindi, na vijana wa huko walipokuja kuuza bidhaa mkononi, jina likawaganda wauzaji wote. Leo Msukuma anayetembeza soksi Kariakoo ni machinga, na hakuna anayeshangaa. Kabila limegeuka kazi.

Mnyororo haujali mpaka wa nchi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, na alikuja Dar mwaka 1978 kwa sababu Mzee Makassy, ndugu yake wa ukoo, alikuwa tayari ana bendi hapa. Alifikia kwa mtu, kama yule kijana wa kiroba. Alifariki 2010, na makonda bado wanaita kituo cha Sinza kwa jina lake: "Kwa Remmy, kwa Remmy wapo?"

Serikali nayo ilijaribu kuukata mnyororo. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa mjini na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi. Wangeachaje kurudi, na godoro lao bado lipo?

Kuna jambo moja linanikera katika swali la "kwenu wapi". Tuna familia za Kihindi, Khoja, Bohora, Wagoa na wengine, ambazo zimezaliana katikati ya mji huu vizazi vinne. Nyingine ziliondoka baada ya serikali kutaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Zilizobaki bado zinaulizwa kwao ni wapi, na jibu la "Upanga" haliaminiki. Kijana aliyeshuka jana kutoka Kahama anahesabiwa mwenyeji, na bibi aliyezaliwa mtaa wa Jamhuri anahesabiwa mgeni. Kwa watu wa takwimu ni kinyume chake kabisa. Mtaani tunapima ugeni kwa sura, kisha tunajisifu kuwa hatuna ubaguzi.

Halafu kuna makabila yenyewe. Kenya huuliza kabila kwenye sensa. Sisi mara ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967. Kwa hiyo ukisikia mtu kwenye kijiwe cha kahawa akisema kabila fulani ndilo linaloongoza kwa wingi Dar, na asilimia akakutajia, ujue haikutoka kwenye sensa yetu ya leo. Mimi sioni hasara kubwa. Nambari ikikosekana, mchanganyiko unaonekana kwenye utani, ile ruhusa ya makabila kutaniana hata msibani.

Mwaka juzi tulimzika mzee wa Kizaramo, jirani yetu wa miaka mingi. Jeneza limeshanyanyuliwa, imamu yuko mbele, ghafla mama mmoja wa Kinyamwezi, mtani wa Wazaramo na muuza maandazi wa mtaa wa pili, akajilaza katikati ya njia. Haendi mtu makaburini, alisema, mpaka alipwe deni la maandazi ambalo marehemu amemkimbia nalo, Mzaramo gani huyu anakufa asubuhi ili asilipe. Mtoto wa marehemu, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akatoa shilingi 2,000. Mama akaikagua kwenye mwanga, akadai iongezwe 500 ya sukari, akapewa, akajifuta vumbi na kupisha njia.