Kiwanja cha Pili Kutoka Baharini

Anayenipigia simu akitafuta nyumba ya ufukweni Dar es Salaam huanza hivi: "Kaka, nataka kiwanja kinachogusa maji kabisa, ila asubuhi niwahi kazini Posta." Kazi yangu ni upimaji ardhi, si udalali, kwa hiyo sina kamisheni ya kuitetea. Jibu langu huwaudhi wengi: achana na kinachogusa maji, tafuta kiwanja cha pili kutoka baharini.

Sheria hukila kiwanja kabla ya mawimbi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Sasa chukua kiwanja cha mita 40 kwa 100, upande mfupi ukitazama maji. Dalali anakuuzia mita za mraba 4,000. Ondoa mita 60 za mbele, unabakiwa na mita za mraba 1,600 za kujengea. Zile 2,400 umezilipia bei ya ufukweni ili upande nyasi na kuweka viti. Mwenye kiwanja cha nyuma yako amelipa pungufu sana na anajenga kiwanja chake chote, bila kuchungulia getini kila gari la serikali likipita.

"Mbona fulani kajenga na bahari inamgonga ukutani?" Nasikia hilo kila mara. Wapo waliojenga kabla ya 2004, wapo wenye vibali vyao, na wapo ambao zamu yao haijafika tu. Sheria hiyo hiyo inahusu mito pia, na waliokuwa bonde la Msimbazi Desemba 2015 hawahitaji kuelezwa maana ya X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa.

Swali gumu zaidi ni hizo mita 60 zinaanzia wapi. Kwetu bahari haitulii mahali pamoja. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu kwenda juu, na kwenye ufukwe ulio bapa hizo mita tatu za kimo zinakuwa makumi ya mita za mchanga. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, na hapa Dar maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Maana yake saa nne asubuhi, muda ambao madalali wanaupenda sana kwa kuonyesha viwanja, siku hizo maji yamekupwa kabisa. Unasimama kwenye mchanga mweupe mpana, unaona mitumbwi imelala mbali, unajiona una ufukwe. Rudi saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo. Ukiweza, nenda bamvua la Machi au Septemba, ndiyo makubwa kuliko yote. Usiulize mtu maji yanafika wapi. Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na chupa za plastiki zilizotupwa na maji. Mstari wa juu kabisa ndio wa kuanzia kupima.

Halafu mstari wenyewe unahama, na ndiyo maana siamini ramani ya zamani mpaka nifike. Kuna kiwanja upande wa Kunduchi nilikwenda kukirudishia mipaka. Kwa kawaida bikoni unaitafuta kwa kufukua: kipande cha chuma ndani ya zege, namba juu, kimefunikwa na udongo. Ya pembe ya baharini sikuhitaji jembe. Ilikuwa imesimama wazi, shina lote la zege nje hadi magotini, mchanga uliokuwa umeizunguka umekwenda. Mivinje miwili pembeni ilikuwa imeinamia majini, mizizi inaning'inia hewani. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, nikamuuliza kama hali ni hiyo siku zote. Akanyoosha sindano yake kuelekea kwenye maji: "Marahaba mwanangu. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa pale." Pale alipoonyesha palikuwa na mtumbwi unaelea.

Si hadithi ya juzi. Jina Africana leo wengi wanalijua kama kituo cha daladala Mbezi Beach, lakini ilikuwepo hoteli ya Africana upande wa Kunduchi, ikaachwa baada ya bahari kuila. Sababu zinaeleweka. Mchanga wa fukwe za kaskazini ya jiji unaletwa na mito midogo kama Mbezi na Tegeta. Sisi tunauchimba mtoni, tunafyatulia matofali, halafu tunashangaa ufukwe unakonda. Ongeza miamba ya matumbawe iliyovunjwa na baruti za wavuvi haramu miaka mingi, wimbi linafika ufukweni na nguvu zake zote. Ule mchanga uliobaki nao unasafiri: wakati wa kusi unasukumwa kaskazini, kaskazi ikivuma unarudishwa kusini, ila kusi ina nguvu zaidi. Jirani yako wa kusini akijenga gati la mawe kuutega, wako haufiki. Akijenga ukuta wima, wimbi linaugonga, linarudi na mchanga wa chini, na mwisho wa ukuta wake ndipo mmomonyoko wako unapoanzia. Kwa hiyo ukienda kuona kiwanja, tembea pia mbele ya viwanja vitatu vinne vya kila upande. Ukikuta kila mtu ana ukuta wake na mifuko ya mchanga, umeshapata taarifa ya kitaalamu bure.

Na usijidanganye kwamba utajenga wako. Ukuta wa bahari wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, ni mradi wa serikali wenye fedha za kimataifa. Ukuta wa mtu binafsi wa matofali ya inchi sita haukai.

Tofauti ipo kwenye mwamba. Masaki, Oysterbay na sehemu za pwani ya Kigamboni zimekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyoinuka, magumu, yasiyohamahama kama mchanga. Nayo huliwa chini kwa chini, angalia kama kuna pango chini ya ukingo, lakini ni kazi ya muda mrefu. Masaki bei zake tunazijua. Ndiyo maana wengi nawaelekeza Kigamboni: Mjimwema, Gezaulole, mpaka Kimbiji kwa mwenye subira.

Na subira hiyo ni ya barabarani. Ramani inakudanganya Kigamboni kuliko sehemu yoyote ya jiji: kutoka Feri unaiona ng'ambo, pantoni inavuka kwa dakika chache, lakini foleni ya kuingia pantoni haionekani kwenye ramani, wala siku ambayo chombo kimoja kipo matengenezo. Tangu Aprili 2016 kuna Daraja la Nyerere, mita 680, unalipia. Linakushusha Kurasini, na hapo unaingia Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini. Anayefanya kazi Kurasini, Chang'ombe au Temeke amepata. Anayefanya kazi Mwenge, upande wa kaskazini, afikirie mara mbili. Huyo nitampeleka Mbweni au Bahari Beach, avumilie Barabara ya Bagamoyo. Bagamoyo mjini kwenyewe, takriban kilomita 65, ni kwa anayekwenda ofisini mara mbili kwa wiki. Kabla ya kulipa, panga chumba huko unakotaka kununua, mwezi mmoja, na mwezi huo uwe Aprili. Masika yatakuambia habari za barabara ya vumbi na maji yanayosimama ambazo hakuna muuzaji atakuambia.

Kuna wanaoomba mandhari ya maji yoyote, hata hori. Mtoni Kijichi ni karibu na mjini na hori la Mzinga linapendeza jioni. Tatizo ni mikoko. Utaambiwa, "Ukifyeka hiyo, bahari yote yako." Mikoko ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kuikata bila kibali ni kesi. Mandhari inayohitaji panga ihesabu kama haipo.

Maji ya kisima yaonje mwenyewe, na yapimwe. Karibu na bahari chumvi huingia, hasa majirani wakichimba wengi. Chuma kitapata kutu mapema hata mstari wa pili, fundi aijazie nondo zege ya kutosha. Hayo yanatibika.

Kisichotibika ni karatasi mbovu. Ufukweni ndiko nakuta hati za mkono nyingi zenye mhuri wa mtaa, kiwanja kimoja kimeuzwa kwa ndugu wawili, na mwenza wa muuzaji hana habari. Omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, uone kama kuna benki inadai. Dai ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Kisha nenda halmashauri ukaione ramani ya mipango miji, maana hati inaweza kuwa halisi na bado pembeni yako pamepangwa diko la wavuvi au eneo la wazi. Diko si baya, samaki utapata wabichi, ila ujue kelele zinaanza usiku wa manane.

Kwa mstari wa pili, kwenye ramani hiyo kuna kitu kimoja cha kutafuta kuliko vyote: njia ya umma inayoshuka baharini kati ya viwanja vya mbele. Bila hiyo unanunua harufu ya bahari tu. Ukiiona kwenye karatasi, nenda ukaitembee hadi mchangani. Zipo nilizozikuta zimezibwa, wa mbele kasogeza ukuta na kupanda michongoma. Ikiwa hivyo, muuzaji aende kwanza halmashauri ifunguliwe ndipo mzungumze bei.