Nondo mwezi ni mdudu gani, na utamtambuaje?

Nondo mwezi ni nondo mkubwa wa porini, kijani cha kukaribia unjano, mwenye mikia miwili mirefu inayoning'inia nyuma. Jina lake la kisayansi ni Argema mimosae. Ni mwenyeji wa Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Akikunjua mabawa hufikia sentimita 10 hadi 12, anafunika kiganja cha mtu mzima.

Wengi wakimwona humwita kipepeo. Mtazame papasi, zile pembe mbili za kichwani. Za kipepeo ni nyembamba, zina kirungu nchani. Za nondo mwezi dume ni pana kama unyoya, na kwa hizo hunusa harufu ya jike aliye mbali gizani. Kisha angalia ukingo wa mbele wa bawa: kijivu, una mikwaruzo kama gome la mti. Kila bawa kati ya yale manne lina doa la duara mfano wa jicho.

Mtafute msimu wa mvua, alfajiri, kwenye ukuta ulioachwa taa usiku kucha. Kama kuna mng'ongo jirani, chunguza pia vijiti vyake, maana viwavi wake hula majani ya mti huo. Kifuko chake cha hariri kina rangi ya fedha na kimejaa vitundu vidogo.

Ukimkuta ametulia ukutani, usidhani ni mgonjwa, wala usimtilie maji ya sukari. Hana mdomo wa kulia chakula! Anaishi kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi, siku chache tu, apandane na kutaga. Ndiyo maana nawasihi watu wazime taa ya nje: kila saa anayoizunguka balbu inamla siku zake. Usimshike pia, vumbi la mabawa hutoka. Mpige picha kutoka juu na nyingine ya papasi, inatosha.

Mkia ukiwa umekatika, hapo pana habari. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2015, kwa nondo wa ukoo wake Actias luna, yalionyesha kuwa mikia inayozunguka hewani humpoteza popo: hulenga mkia badala ya kiwiliwili. Niliwahi kumkuta jike mwenye mkia mmoja kwenye nguzo ya baraza, wa pili umekatwa karibu na shina. Kesho yake asubuhi nilikuta mayai pale pale, naye ameshaondoka.