Mwanza haifikiwi kwa kikokotoo

"Dada, Mwanza ni kilomita 1,150. Basi linatembea 100. Saa kumi na moja na nusu tumefika." Juzi nimeambiwa hivyo tena dirishani, na aliyeniambia alishamwagiza shemeji yake ampokee stendi ya Nyegezi, Mwanza, jioni. Nakata tiketi za basi na ndege hapa Dar es Salaam, na hesabu hii ndiyo inayonimaliza.

Basi la abiria halitembei 100. Mwisho wake ni 80, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaliona kwenye kifaa kilichofungwa ndani. Halafu hiyo 80 ni kikomo, si wastani! Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki na tochi yake kajibanza hatua chache mbele. Toka stendi ya Magufuli, gombana na malori mpaka Chalinze, pima mizani, shuka ule, panda mlima Sekenke nyuma ya semi inayotambaa kama kinyonga. Jumlisha yote, wastani unaangukia 65 hivi, na safari inakuwa saa 17 au 18. Ukiondoka saa 12 asubuhi, unaingia Mwanza usiku wa manane. Shemeji alale tu. Na chukua siti upande wa dereva, jua la alasiri hupiga upande wa pili.

Mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023? Kikomo ni kilekile, giza haliongezi mwendo.

Treni ya SGR? Inakushusha Dodoma, na kutoka hapo bado una kilomita 700 za lami.

"Mbona simu inasema 850?" Hizo ni za mstari ulionyooka angani. Barabara inazunguka Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, na nauli hupigwa kwa kilomita za barabara. Msinigombeze mimi.

Wa ndege nao wana lao: "Ni saa moja na nusu tu." Angani, kwa jeti, sawa. Ya pangaboi hukaribia saa mbili. Lakini wewe unakaa Tegeta, foleni ya kwenda uwanjani unaijua, unatakiwa ufike saa mbili kabla, na uwanja wa Mwanza uko nje ya mji. Mlango kwa mlango, hesabu saa sita.

Na tafadhalini, someni tiketi. Mteja wangu mmoja alifika uwanjani saa tano asubuhi, begi mkononi, kajinunulia na maji, hana haraka. Tiketi iliandikwa 07:00, yeye akasoma saa saba mchana. Ndege yake ilikuwa imeshatua Mwanza na watu wameshakunywa chai. Siku hizi kila tiketi ya ndege naiandikia juu kwa kalamu nyekundu: SAA MOJA ASUBUHI.